Nilivyozima tovuti 23 kwa skripti ya mistari thelathini

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ijumaa tarehe 2 Desemba 2022. Alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Bukoba, mteja wangu wa miaka minne. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaingia kwenye shida yake moja kwa moja: "Mwanangu, websaiti imegeuka nyeupe, imeandika Kiingereza kitupu. Kuna wageni wa Kampala waliniambia watajaza fomu jana usiku. Sasa nitajuaje kama walijaza?"

Nilifungua tovuti yake kwenye simu nikiwa bado kitandani. WordPress, programu inayoendesha tovuti yake, ilikuwa inalalamika kwamba PHP, lugha iliyoandikiwa, haina kiendelezi (kipande cha nyongeza) cha hifadhidata ya MySQL. Nikafungua tovuti ya dada mmoja muuza vitenge, nayo vilevile. Nikafungua mfumo wa ripoti wa shule moja ya sekondari, ukatoa kosa namba 500 bila maelezo yoyote. Nilifika ya kumi nikaacha, maana nilishaelewa. Usiku wake, saa tano hivi, nilikuwa nimeendesha skripti, yaani programu fupi, iliyopita kwenye tovuti zote 23 ninazozitunza kubadilisha viendelezi vyake. Ilimaliza chini ya dakika moja na kila jibu lilirudi na 200, namba ya seva ya kusema "sawa". Nikazima kompyuta, nikalala kwa raha.

Naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaotunza tovuti za watu kwenye seva za kukodi, hasa wale wanaofanya kazi peke yao kama mimi hapa Mwanza, bila mwenzao wa kuwakagua kabla hawajabonyeza.

Kilichonifikisha pale kilianza vizuri tu. PHP 7.4 ilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 28 Novemba 2022. Baada ya siku hiyo hakuna tena marekebisho ya usalama. Kampuni ninayokodi nafasi kwake ilitutumia barua pepe kututaka tuhamie 8.1. Wakati huohuo nilikuwa naandika upya ule mfumo wa shule kwa CodeIgniter 4, kiunzi cha kujengea programu za PHP, ambayo inataka viendelezi viwili viwepo: intl na mbstring. Mbstring ilikuwepo. Intl haikuwepo.

Kwa asiyezoea mambo haya: PHP inafanya kazi upande wa seva, inatengeneza ukurasa kabla haujamfikia msomaji. Lakini kazi nyingi haizifanyi yenyewe. Kuzungumza na hifadhidata ya MySQL ni kazi ya mysqli, kupunguza ukubwa wa picha ni ya gd au imagick, herufi za lugha mbalimbali ni za mbstring, tarehe na sarafu za nchi tofauti ni za intl. Kwenye seva ya kukodi huna ruhusa ya kusakinisha vitu hivi. Mwenye seva anavisakinisha, wewe unaachiwa kuwasha na kuzima kwenye akaunti yako. Unaweza kufanya hivyo kwenye paneli, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti yako, kwa kuweka vema kwenye visanduku, au kwa API, yaani programu yako inatuma amri ileile moja kwa moja kwenye seva.

Paneli ilikuwa inanichosha. Kwa intaneti yangu ya bando, ukurasa mmoja ulichukua karibu nusu dakika kufunguka, na kila tovuti ina kurasa tatu za kupita. Nikaona heri niandike skripti ya Python. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na naliona kubwa kuliko yote yaliyofuata: intl ilihitajika kwenye tovuti moja, nami nikaamua kuiwasha kwenye zote 23 "kwa kuwa skripti ipo". Hakuna mteja mwingine aliyeniomba. Nilivutwa na urahisi wa kitanzi cha mistari minne, kinachorudia amri ileile kwa kila tovuti.

Kosa la pili lilikuwa la kusoma. Nyaraka za API zilionyesha maombi mawili kwenye anwani ileile ya viendelezi, PUT na PATCH. Mfano wa kwanza ulikuwa wa PUT, nikaunakili, nikabadilisha jina la akaunti na kuweka intl. Chini kidogo ya mfano ule iliandikwa wazi kwamba PUT inaweka orodha mpya mahali pa ile iliyokuwepo, na PATCH ndiyo inayoongeza au kupunguza. Na hili si jambo la kampuni moja. Ndivyo PUT ilivyokusudiwa tangu zamani katika HTTP, kanuni za mawasiliano ya wavuti: unachotuma ndicho kinachobaki. Mimi nilituma orodha yenye jina moja, seva ikaniachia jina moja. Mysqli, mbstring, gd, curl, zip na vingine vyote vikazimwa kwenye akaunti 23, na jibu la 200 lilikuwa la kweli kabisa, kwa sababu nilichoagiza kilitekelezwa.

Mtu ataniuliza, hukujaribu hata moja kabla ya kulala? Nilijaribu. Nilifungua tovuti mbili, zikaja vizuri. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini. Kwanza, PHP inapakia viendelezi vyake pale inapoanza kazi. Michakato iliyokuwa ikiendelea kwenye seva usiku ule ilikuwa bado na orodha ya zamani kichwani. Orodha mpya iliingia michakato hiyo ilipokufa na kuanzishwa upya, tovuti moja baada ya nyingine, kadiri wageni walivyopungua usiku wa manane. Pili, kurasa za mwanzo nilizofungua zilikuwa zinatoka kwenye kashe, HTML iliyokwisha kutengenezwa, ambayo haigusi PHP wala hifadhidata. Ukitaka kujua kama tovuti iko hai, usitazame ukurasa wa mwanzo. Ingia kwenye sehemu ya msimamizi, tuma fomu, tafuta kitu. Na usitazame mara moja tu, rudi baada ya saa moja au mbili.

Turudi asubuhi ile. Niliingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiandikia amri kutoka mbali, nikaandika php -m ili nione viendelezi vilivyopo. Ikaniorodheshea mysqli, mbstring, gd, kila kitu. Nilikaa karibu dakika arobaini nikiamini kwamba hifadhidata ndiyo imeanguka, nikaandikia huduma kwa wateja ujumbe mkali ambao baadaye nilirudi kuuomba radhi. Kumbe PHP ya kwenye mstari wa amri na PHP inayohudumia tovuti zinaweza kuwa mbili tofauti, kila moja na toleo lake na faili zake za mipangilio. Php -m ilinijibu kwa niaba ya ile ambayo hakuna mgeni anayeitumia. Njia ya kuaminika ni kuiuliza ile inayohudumia wavuti: faili dogo ndani ya tovuti linaloita get_loaded_extensions() na kukuandikia majina. Lipe jina gumu kubahatisha, lifute ukimaliza.

Nilipokubali kwamba viendelezi vimezimwa na mimi ndiye niliyevizima, swali likawa: virudishwe vipi? Orodha za zamani sikuwa nazo. Tovuti 23 nilizijenga kwa miaka sita, kwa nyakati tofauti, na kila moja niliiwashia ilichohitaji siku ile. Hakuna mahali nilipoandika. Ombi moja la GET, la kusoma kilichopo, kabla ya PUT lingenipa kila kitu, na kulihifadhi kungenigharimu mstari mmoja wa msimbo.

Nikaanza kwa kukisia: orodha ya kawaida ya WordPress, nikaituma kwa zote. Kwa haraka na woga niliendesha skripti mara tatu mfululizo, nikibadilisha kitu kidogo kila mara. Mara ya tatu API ikaanza kunirudishia 429, yaani maombi yamezidi, subiri. Jibu la namna hiyo mara nyingi huja na kichwa kiitwacho Retry-After kinachosema usubiri sekunde ngapi. Skripti yangu haikukisoma, ikaendelea kugonga mlango. Matokeo yake tovuti kumi na nne zilikuwa na orodha mpya, tisa zilibaki na ile ya jaribio lililotangulia, na mimi sikujua zipi ni zipi kwa sababu sikuwa nachapisha majibu. Wakati huo simu ilikuwa haikatiki.

Nikaiweka simu chini, nikachukua daftari. Huo ndio uamuzi pekee wa asubuhi ile ninaojivunia. Niliandika majina ya tovuti zote, nikaweka juu zile ambazo mtu alikuwa anazisubiri siku hiyo. Shule ikawa ya kwanza: ilikuwa inafunga muhula, na wazazi walikuwa wameambiwa wapakue ripoti za watoto kuanzia saa tatu. Nikampigia mwalimu mkuu nikamwambia ukweli, kwamba kosa ni langu, si la mtandao wala la walimu wake, na kwamba ripoti ziko salama kwenye hifadhidata. Akanyamaza kidogo, akasema atawatumia wazazi ujumbe waingie mchana. Kisha nikampigia mama wa Bukoba, nikamweleza kwamba kama wale wageni walijaza fomu baada ya tovuti kuanguka, haikumfikia. Awapigie mwenyewe.

Mfumo wa shule ulinitesa kuliko zote. Nilirudisha mysqli, ukurasa wa kuingia ukafunguka, lakini kila ripoti ilipoitwa ilikufa. Logi ya makosa ilisema njia ya get_result() ya mysqli_stmt haipo. Hili ni jambo linalowapoteza wengi, kwa hiyo nalieleza. Kwenye baadhi ya seva za kukodi utakuta mysqli za namna mbili kwenye orodha, mysqli na nd_mysqli. Ya pili inatumia maktaba ya mysqlnd, na get_result() inafanya kazi kwa hiyo tu. Haziwashwi pamoja, unazima moja ndipo unawasha nyingine. Miaka iliyopita nilikuwa nimeiwasha nd_mysqli kwa shule ile nikasahau kabisa. Saa tano na robo ripoti ya kwanza ilifunguka. Niliipakua mara mbili kuhakikisha.

Kwa tovuti nyingine nilikusanya orodha kwa vipande. Mifumo niliyoijenga kwa Composer, chombo cha kusimamia vifurushi vya PHP, ilinisaidia sana, kwa sababu vifurushi hutaja vinachohitaji kwa majina kama ext-mbstring au ext-gd, na amri ya composer check-platform-reqs inakuonyesha kilichokosekana. Angalia tu usiiendeshe kwa ile PHP ya mstari wa amri iliyonidanganya mimi. Ita toleo linalohudumia tovuti kwa njia yake kamili. Tovuti za WordPress zina ukurasa wa afya ya tovuti unaotaja moduli zinazopungua. Logi zilinipa kilichobaki: kila "undefined function" ilinitajia kiendelezi chake. Tovuti moja ilikuwa na faili la phpinfo, linaloonyesha mipangilio yote ya PHP, nililolisahau humo, na injini ya utafutaji ilikuwa imehifadhi nakala ya ukurasa ule, orodha nzima ikiwa ndani. Iliniokoa, lakini ilinitisha pia, maana mtu yeyote angeweza kusoma matoleo na njia za mafaili ya mteja wangu. Nililifuta siku hiyohiyo.

Kufikia saa kumi jioni zote zilikuwa zinafunguka. Nilidhani yameisha.

Wiki mbili baadaye yule dada wa vitenge akaniandikia: "Kaka, mbona vitenge vyangu vipya vinalala?" Picha zote alizopakia kuanzia Desemba zilikuwa zimelala ubavu. Simu inapopiga picha ya wima, mara nyingi huihifadhi ikiwa imelala na kuambatisha maelezo kwamba izungushwe. WordPress husoma maelezo hayo kwa kiendelezi cha exif na kuizungusha picha inapopakiwa. Mimi nilirudisha gd, nikasahau exif. Gd ikatengeneza picha ndogo bila kuzizungusha, na yale maelezo ikayatupa. Hakuna kosa lililoandikwa popote, hakuna ukurasa mweupe. Makosa ya aina hii ndiyo yanayoniogopesha sasa. Mysqli ikikosekana, mteja anakupigia kabla jua halijachomoza. Exif ikikosekana, duka linaendelea kuharibika polepole mwenye nalo akidhani simu yake ndiyo mbovu. Picha zaidi ya sitini nilizirekebisha moja moja, Jumapili nzima.

Kwa fedha, niliwasamehe wateja watatu ada ya mwaka, shilingi 180,000 kila mmoja, bila wao kuomba. Mama wa Bukoba wageni wake walipata kwingine pa kulala. Hakunidai chochote, na hilo liliniuma zaidi.

Kuna jambo la tokeni pia, ule ufunguo wa siri unaoiruhusu skripti kutumia API. Katika harakati za asubuhi ile nilimtumia rafiki yangu skripti nzima kwa WhatsApp anisaidie kuitazama, na tokeni ya API ilikuwa ndani yake, imeandikwa kama ilivyo. Tokeni ile ilikuwa na uwezo wote wa akaunti yangu: kufuta tovuti, kusoma barua pepe, kubadilisha nywila. Namwamini rafiki yangu, lakini ujumbe unabaki kwenye simu, na simu zinaibiwa. Nilikumbuka baada ya siku nne. Nikaifuta, nikatengeneza nyingine yenye tarehe ya mwisho na ruhusa za viendelezi na matoleo tu, na sasa inakaa kwenye faili la pembeni lisiloingia kwenye Git, ninakotunzia msimbo. Nilitaka pia kuifunga kwa anwani ya IP, nikagundua kwamba kwa bando la simu haisaidii: anwani hubadilika, na mara nyingi watu wengi wa mtandao uleule wanaonekana nje kwa anwani moja. Nikakodi seva ndogo, na maombi yote hutoka humo.

Skripti niliyo nayo leo ni ndefu mara tano ya ile ya kwanza, na kazi yake kubwa ni kunichelewesha. Inaanza na GET, inahifadhi orodha ya sasa kwenye faili lenye jina la tovuti na tarehe. Inatengeneza orodha mpya kwa kujumlisha ya zamani na ninachotaka kuongeza, inaniandikia tofauti zake, kipi kinaingia na kipi kinatoka, kisha inasubiri niandike jina la tovuti kwa mkono. Siyo "ndiyo". Jina la tovuti. Ikishatuma, inauliza tena kwa GET na kulinganisha. Halafu inaita lile faili dogo la get_loaded_extensions() kupitia wavuti, kwa sababu API ikikwambia kiendelezi kimewashwa maana yake kimeandikwa kwenye mipangilio. Kupakiwa ni jambo jingine. Ikipata 429 inasubiri ilivyoambiwa. Na inafanya tovuti moja kwa siku ya kwanza, ya kwangu mwenyewe, kabla ya za wateja.

Usidhani pia kwamba API zote zinafanana. Kwenye cPanel, paneli inayotumika kwenye seva nyingi za kukodi, kwa mfano, akaunti ya kawaida inaweza kubadilisha toleo la PHP la kikoa kupitia sehemu ya API iitwayo LangPHP, lakini viendelezi vya EasyApache, kisakinishi chake cha PHP, husakinishwa na msimamizi wa seva kwa seva nzima, kwa hiyo huko utaishia kuandika ombi kwa kampuni. Tena jibu la HTTP linaweza kuwa 200 wakati amri imekataliwa. Ukweli uko ndani ya JSON, yale maandishi ya jibu lenyewe, kwenye status, 1 au 0, na sababu kwenye errors. Skripti inayotazama namba ya HTTP peke yake itakwambia kila kitu kimeenda sawa.

Kuhamia 8.1 kwenyewe nilikufanya Januari, na hapo nilikutana na jambo ambalo lingenirudisha shimoni kama nisingekuwa na faili za orodha: kwenye seva ile kila toleo lina orodha yake. Ukihama kutoka 7.4 kwenda 8.1 huhami na viendelezi vyako, unakuta vya msingi tu. Na vingine haviko tena kama ulivyovizoea. Xmlrpc ilitolewa kwenye PHP yenyewe kuanzia 8.0 ikapelekwa PECL, hazina ya viendelezi vya nje, na mteja wangu mmoja alikuwa na programu ya zamani ya malipo iliyoitegemea. Kwa kuwa nilikuwa na orodha mkononi, nililiona hilo kabla ya kuhama, tukabadilisha programu kwanza. Tovuti 22 zilihama kwa siku tisa bila simu hata moja. Hiyo moja ilisubiri hadi Machi.

Nilipokwenda shuleni kukabidhi mfumo mpya, mwalimu mkuu aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. "Ile siku ulirekebisha kwa kuwa ulikuwepo. Ukiugua, sisi tutamwambia fundi mwingine nini?" Nilifungua faili la orodha yao nikamwonyesha. Akaniomba nilichapishe. Ukurasa mmoja: toleo la PHP, viendelezi kumi na saba, na mbele ya kila kimoja maneno machache ya Kiswahili yanayoeleza sehemu gani ya mfumo inakihitaji. Akaupiga muhuri wa tarehe na kuuweka kwenye faili la ofisi, pamoja na mkataba wa umeme na namba za mita ya maji. Wiki ile nilichapisha kurasa nyingine ishirini na mbili. Ya Bukoba niliipeleka mwenyewe.